Kulea ili Kuachia: Watoto Wetu na Mayatima wa Porini

Hapana shaka wengi miongoni mwenu mmeliona jambo hili nyumbani kwenu au kwa jirani. Mvua kubwa ya usiku imepita, tawi la mwembe limevunjika, na asubuhi mtoto anaingia ndani huku ameficha kitu kifuani. Akifunua mikono, unamkuta kinda wa ndege asiye na manyoya bado, au komba mchanga aliyeng'ang'ania shati, au kwa wanaoishi kando ya mapori, digidigi mdogo anayetetemeka miguu. Mtoto husema maneno machache tu: mama yake amekufa, tumlee.

Wazazi wengi huwa na majibu mawili. Yupo anayefoka na kuamuru kitu hicho kikatupwe huko kilikotoka kabla hakijaleta maradhi. Yupo pia anayeingiwa na huruma, akatafuta kamba au tundu, na tangu siku hiyo mnyama akawa pambo la uani mpaka afe, na aghalabu hafiki mbali. Jibu la kwanza humfundisha mtoto kwamba huruma yake ni upuuzi. La pili humfundisha kwamba kumhurumia kiumbe ni kummiliki. Sisi tunaona ipo njia ya tatu, ngumu kuliko hizo mbili, na Waislamu tunaijua tangu zamani, ila tumezoea kuitumia katika mambo ya mayatima wa kibinadamu peke yake.

Tuanze na mapokezi mawili ambayo walimu wa madrasa huyasomesha, ingawa si mara nyingi huyaweka pamoja. La kwanza limo katika mkusanyo wa Abu Dawud, kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.). Masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.). Alipoondoka kwa haja yake, wakaona ndege mwenye makinda wawili, wakawachukua makinda. Yule mama akaja akitandaza mbawa zake juu ya ardhi kwa uchungu. Mtume (S.A.W.) aliporejea akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu huzuni kwa sababu ya wanawe, akaamrisha warudishwe. La pili wamelipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (R.A.), naye anasimulia habari za mdogo wake aliyeitwa Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege yule akafa. Mtume (S.A.W.), pamoja na shughuli zote za umma alizozibeba, akaketi na mtoto akamuuliza habari za ndege wake.

Baadhi ya wanazuoni wamechukua katika tukio la Abu Umayr ruhusa ya mtoto kukaa na ndege, kwa sharti la kumlisha na kutomtesa. Hatupingi. Lakini tukiyasoma mapokezi haya mawili kwa pamoja tunaona mpangilio ambao wazazi tungenufaika nao. Kwanza hutazamwa mama: kama yupo, mtoto wake hurudishwa kwake, na hapana mjadala. Wahenga walikwisha kusema kuwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na ndege yule jangwani alikuwa mzazi. Kisha hutazamwa moyo wa mtoto wa kibinadamu, ambaye mapenzi yake kwa kiumbe kidogo si jambo la kuchekwa.

Sasa, kama mama hayupo kweli? Hapa ndipo tunaporudi kwenye yale tunayoyajua kuhusu yatima. Sheria yetu imemtukuza mlezi wa yatima, lakini imemwekea mipaka mitatu iliyo wazi. Hambadilishi nasaba, aya za mwanzo za Surat al-Ahzab zimeagiza kuwa anayelelewa aitwe kwa jina la baba yake wa kweli. Hali mali yake. Mali ile ni amana. Na akifikia umri wa kupambanukiwa, mlezi humkabidhi kilicho chake na kumwachia ashike njia yake, kama ilivyoelezwa katika aya ya sita ya Surat an-Nisaa. Malezi ya yatima, kwa maneno mengine, ni kazi ambayo mafanikio yake hupimwa kwa siku ya kukabidhi.

Mnyama wa porini naye ana nasaba yake. Qur'ani, katika aya ya 38 ya Surat al-An'am, imewataja wanyama na ndege kuwa ni umma kama sisi. Tembo ana ukoo wake, mbega ana kundi lake, na mali ya kila mmoja wao ni ile elimu ya kuishi ambayo angerithishwa na mama yake: mti gani huliwa, maji yako wapi wakati wa kiangazi, adui ananukaje. Anayemlea akamfanya mwanasesere wa nyumbani amembadilisha nasaba na amekula mali yake. Hatusemi kwamba yatima wa mnyama ni sawa na yatima wa binadamu. Mwenye mtoto wa marehemu ndugu yake anayelala njaa na akaacha kumtazama ili anunue maziwa ya tumbili, huyo amekosea njia. Tunalosema ni kuwa adabu ya malezi ni ile ile, na mtoto anayejifunza kwa kinda wa ndege ataijua atakapokuja kuwa mtu mzima mwenye kushika amana za watu.

Adabu hii imejaribiwa kwa vitendo karibu nasi, katika nchi jirani ya Kenya, na ilianza kwa msiba. David Sheldrick alikuwa mhifadhi wa mwanzo wa Hifadhi ya Tsavo Mashariki. Mkewe, Daphne, alijaribu kwa miaka mingi kuwalea watoto wa tembo waliofiwa na mama zao wakiwa bado wananyonya, na wote walikuwa wakifa. Mafuta yaliyomo katika maziwa ya ng'ombe hayawafai. Katika miaka ya 1970 aligundua kuwa maziwa ya unga ya watoto wachanga, yakichanganywa na mafuta ya nazi, humkaa tembo mchanga tumboni. Sisi watu wa pwani tunaoijua nazi kwa wali na samaki tu tunayo sababu ya kufurahi kidogo. Tembo wa mwanzo kuponea kwa maziwa hayo alipewa jina la Aisha. Alikua, akanenepa, akamfuata Daphne kila alikokwenda kama kivuli chake. Kisha mama yule mlezi akasafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake. Aisha akakataa chupa. Alikuwa amepoteza mama kwa mara ya pili, na huyu wa pili ndiye alikuwa dunia yake yote. Akafa.

Tunaomba wazazi wawasimulie watoto kisa hiki kama kilivyo, bila kukipunguza makali, kwani aliyemuua Aisha si mkatili. Tembo yule alikufa kwa sababu ya mapenzi yaliyofungwa kwa mtu mmoja. Tangu hapo utaratibu ukabadilika. Baada ya mumewe kufariki mwaka 1977, Daphne Sheldrick alianzisha taasisi yenye jina la marehemu, na katika kituo chake kilichomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, walezi hubadilishana zamu. Huyu hulala na tembo mmoja usiku huu, kesho hulala na mwingine. Tembo hupendwa na wote asije akawa wa mmoja. Humpa chupa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Humfunika blanketi baridi ikizidi, na humkinga jua kwa mwavuli, kwa kuwa porini mama ndiye kivuli cha mtoto. Baada ya miaka michache huhamishiwa Tsavo, na huko huenda porini mchana na kurudi jioni, mpaka siku moja jioni ifike wasirudi. Safari hiyo yaweza kuchukua hata miaka kumi. Daphne Sheldrick alifariki mwezi Aprili 2018, na kazi inaendelea mikononi mwa wengine. Tembo waliolelewa kwa njia hii wamekwisha kupita 300. Wapo majike waliozaa huko porini na kurudi mara moja moja na watoto wao mpaka kwenye vituo vya walezi wao wa zamani, wakanywa maji, wakaondoka tena.

Watoto wa shule huruhusiwa kuwaona tembo wadogo wa kituo cha Nairobi kwa muda wa saa moja tu kwa siku, kabla ya adhuhuri. Husimama nyuma ya kamba. Wapo wazazi wanaolalamika kwamba wametoka mbali na mtoto hakupata hata kupanda mgongoni. Kwa maoni yetu, kamba ile ndiyo mwalimu mkuu wa siku hiyo. Inamwambia mtoto: unaweza kumchangia maziwa huyu, ukajua jina lake, ukamwombea afya, na bado asiwe wako. Jamaa anayetaka kumsaidia tembo mmoja kwa mchango wa kila mwaka huweza kufanya hivyo kwa jina la mtoto wake. (Na kwa kuwa suali hili halikosi kuulizwa: fedha hiyo ni sadaka. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa, na tembo hayumo.)

Mayatima hawa hupatikanaje? Baadhi ni wa ujangili. Wengine wametumbukia visimani, au mama zao wameuawa katika ugomvi wa mashamba na maji. Na wengine ni wa ukame: wizara husika nchini Kenya ilitangaza kwamba kati ya mwezi Februari na Oktoba 2022 walihesabiwa tembo 205 waliokufa kwa kiangazi kile kikali. Kaskazini, katika nchi ya Wasamburu, jamii yenyewe ilifungua kituo chake cha Reteti mwaka 2016, na baadaye maziwa ya mbuzi wa wanawake wa huko yakaanza kutumika kuwalea tembo. Tulipenda habari hii kuliko nyingi tulizowahi kusoma kuhusu uhifadhi. Mtoto wa Kisamburu anayemfunga mbuzi kamba asubuhi ili akamuliwe anajua maziwa yale yanakwenda kwa nani, na jioni familia imepata fedha ya sukari. Kwake yeye tembo, ambaye jana alikuwa adui wa kisima, leo ana sehemu katika riziki ya nyumba.

Turudi pwani. Wengi watakumbuka kisa cha kiboko mdogo aliyepelekwa na mafuriko ya mto hadi baharini karibu na Malindi, akakutwa peke yake kwenye mwamba siku zile za sunami ya Desemba 2004. Watu wa Malindi walihangaika naye kwa nyavu mpaka akaokolewa, akapelekwa Haller Park, Mombasa. Huko akajiegemeza kwa kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130, aliyeitwa Mzee kwa haki kabisa. Kiboko, ambaye walimwita Owen, alilala ubavuni mwa kobe, akala alichokula kobe, akamfuata kila mahali. Picha yao ilizunguka dunia. Msichana wa Kimarekani mwenye umri wa miaka sita, Isabella Hatkoff, aliiona gazetini, akataka kisa kile kiandikwe kwa ajili ya watoto wenziwe, na mwaka 2006 kikatoka kitabu alichokiandika pamoja na baba yake na mhifadhi wa Kenya, Paula Kahumbu.

Tumekitaja kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, mchango wa mtoto haukuwa kumshika kiboko. Ulikuwa kusimulia, na masimulizi yakafika mahali ambapo mikono haifiki. Pili, watu hupenda kuishia pale kwenye picha nzuri, na mwisho wake hawauulizi. Owen alikua. Kiboko ni mnyama mzito, na mchezo wake ungeweza kumvunja mzee wa watu. Mwaka 2007 akapelekwa kukaa na kiboko jike aliyeitwa Cleo, akajifunza tena kuwa kiboko. Porini hakurudishwa, kwa kuwa madume wenye maji yao wangemuua mgeni. Wako mayatima wa namna hiyo ambao mlango wao haufunguki tena, nao hubaki chini ya uangalizi wa wajuzi. Hata hivyo alitenganishwa na kobe ili awe na wa jinsi yake. Watoto wakiambiwa sehemu hii hulia. Waacheni walie kidogo.

Kuna jambo ambalo hatuwezi kulipita kimya, nalo ni biashara. Katika baadhi ya barabara na masoko yetu huonekana kijana ameshika tumbili mchanga kwa kamba, au kasuku kwenye kikapu. Mtoto ndani ya gari anaomba, na baba mwenye moyo mwema ananunua "ili kumwokoa." Ndugu zetu, tumbili mchanga hashuki mwenyewe kutoka mgongoni mwa mama yake. Mama ameuawa kwanza. Kwa sokwe mambo ni mazito zaidi, kwani kundi humtetea mtoto, na aghalabu huuawa zaidi ya mmoja ili apatikane mmoja aliye hai. Fedha ya huruma ikiingia mfukoni mwa muuzaji, wiki ijayo atarudi porini kutengeneza yatima mwingine. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo wamepungua kwa njia hiyo mpaka biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikapigwa marufuku tangu mwaka 2017. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 na ile ya Kenya ya mwaka 2013 zote zinakataza kukaa na wanyama hao bila kibali, na kusema kwamba ulimhurumia hakukutoi hatiani. Mwenye kumwona anauzwa na atoe habari kwa wahusika, asinunue.

Na kabla ya biashara kuna manati. Wapo watoto wa Kiislamu wanaotoka darasani wakiwa wamehifadhi sura nzuri, na mfukoni wana mpira na kokoto. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Ibn Umar (R.A.) aliwapita vijana waliomfunga ndege wakimlenga kwa mishale, walipomwona wakatawanyika, naye akawaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Mtoto hawezi kufundishwa kulea yatima wa ndege kwa mkono wa kulia na kuachiwa manati katika mkono wa kushoto.

Tumefika kwenye suali ambalo mzazi analiuliza: basi mtoto wangu afanye nini? Jambo la mwanzo ni kumfunza kutofanya haraka, kwani wengi wa wale tunaowaita mayatima si mayatima. Mtoto wa paa au wa digidigi hulazwa na mama yake kichakani kwa saa nyingi, akatulia kimya asionekane na chui. Anayemwokota amemwiba. Kinda aliyekwisha kuota manyoya na anayerukaruka chini ya mti yumo katika masomo ya kuruka. Wazazi wake wako juu wanamlisha, na kazi ya mtoto ni kumfungia paka ndani. Kinda aliye uchi aliyeanguka arudishwe ndani ya kiota chake. Ile hadithi ya kwamba mama atamkataa kwa harufu ya mkono wa binadamu haina ukweli. Na kasa ndiye anayewachanganya watu kabisa: kasa hamlei mwanawe. Hutaga mchangani usiku, akafukia, akarudi baharini, na vitoto hutoka wenyewe baada ya miezi miwili hivi na kutambaa kuelekea kwenye maji. Hao hawakufiwa na mtu. Wasibebwe kwa ndoo wala kufugwa kwenye beseni. Mtoto anayetaka kuwasaidia na asawazishe mashimo na magofu ya mchanga yaliyoachwa na wachezaji wa ufukweni, na awaombe wakubwa wazime taa zinazoelekea pwani, kwa sababu vitoto vya kasa hufuata mwanga na vikapotea njia.

Akiwa ni mgonjwa kweli au amefiwa kweli, mtu mzima, wala si mtoto, amweke katika kisanduku chenye matundu na kitambaa, mahali penye giza, joto na utulivu. Asimiminiwe maji mdomoni. Asipewe maziwa ya ng'ombe. Ndege hanyonyi, na maziwa na mkate vimeua makinda wengi walioangukia mikononi mwa watu wema. Kisha wapigiwe simu wanaohusika: kwa Kenya ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kwa Tanzania Bara ni ofisa wanyamapori wa wilaya, na Zanzibar ni watu wa misitu. Mtoto anaweza kuandika saa na mahali alipopatikana, kwani mnyama atakapopona atatakiwa kurudishwa pale pale, na kumbukumbu ya mtoto mara nyingi ni nzuri kuliko ya baba yake.

Tunasisitiza habari ya mtu mzima kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hauishii kwa mbwa, na dalili zake zikishadhihiri mgonjwa karibu haponi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, takriban 4 kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto aking'atwa au kuparuzwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, na safari ya hospitali kwa ajili ya chanjo ianze siku hiyo hiyo, hata kama mnyama ni mdogo na anapendeza. Upande wa pili, mafua yetu huwaangamiza sokwe na jamaa zao. Umbali unawalinda wote wawili.

Walimu wa madrasa na wa shule wanayo nafasi kubwa hapa. Mwaka 1991 wanafunzi wachache wa sekondari walikutana na Jane Goodall nyumbani kwake Dar es Salaam, wakiwa na wasiwasi juu ya mambo waliyoyaona katika mazingira yao, na kutokana na kikao kile kikazaliwa chama cha vijana cha Roots & Shoots ambacho leo kimeenea katika nchi nyingi duniani. Bibi yule aliyetumia umri wake kuwatazama sokwe wa Gombe alifariki Oktoba 2025. Kazi ya vijana wale ilikwisha kutoka mikononi mwake zamani, kama alivyotaka. Huko Diani, kusini mwa Mombasa, wahifadhi wa mbega hutundika ngazi za kamba juu ya barabara ili wanyama wavuke bila kugongwa na magari, na huwalea kima na tumbili wachanga waliofiwa mpaka wapate kundi la kurudi nalo porini. Watamu, wavuvi hupiga simu kasa anaponasa katika nyavu zao, na kasa aliye mgonjwa hutibiwa kabla ya kurudishwa baharini. Ziara moja ya darasa katika mahali kama hapo, na mwalimu aliyejitayarisha, ina faida kuliko mahubiri yetu mengi, na likizo ya Desemba ni ndefu.

Limebaki jambo la kifo, maana wengi wa mayatima hawa hufa. Tembo mchanga aliyefika akiwa amedhoofu huenda asione asubuhi, na kinda aliyepoa mwili aghalabu haamki. Mzazi asimdanganye mtoto kwamba ndege ameruka akaenda zake. Mtume (S.A.W.) alipomuuliza Abu Umayr alikuwa akijua ndege amekufa; hakubadilisha mazungumzo wala hakumwahidi mwingine. Mwacheni mtoto azike, aulize, anyamaze siku mbili. Atauliza pia kama ilikuwa na maana kuhangaika. Mwambieni habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, nayo imo katika sahihi ya Bukhari, na kwamba hatuambiwi mbwa yule aliishi muda gani baada ya hapo.

Wapo watakaopona. Ofisa atarudi na kisanduku, na kwa kawaida atachagua asubuhi na mapema, wakati hakuna upepo. Ndege mwigo hana mazoea, walisema wazee. Mlango ukifunguliwa hatageuka kushukuru, na pengine ataruka bila mtoto kuona vizuri alielekea mti gani. Mtoto na aelezwe hivyo tangu jana yake. Kisha apewe sabuni na maji, kisanduku kioshwe, kianikwe juani, na kiwekwe mahali ambapo kitaonekana mvua nyingine ikija.